Mapendo Dorine, Aliyetakiwa Kusema Kila Siku Yuko Wapi

Marehemu Mapendo Dorine alizaliwa Bwegera, katika bonde la Ruzizi, tarehe 3 Juni 1996. Hapana, tusianze kwa kosa: ilikuwa 1995. Baba yake mkubwa Onesphore, ambaye familia ilimpa kazi ya kuandika haya kwa sababu yeye ndiye mkubwa na hana shughuli nyingine, alikuwa ameshaandika 1996 kwa wino. Lakini Mama Ernestine, aliyemzaa marehemu, alimkumbusha kwamba mwaka 1996, watu walipokimbia vita, mtoto alikuwa tayari na meno, tena alimuuma mgongoni njia yote. Meno hayadanganyi. Basi ni 1995. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Modeste, mkulima wa mpunga, na Mama Ernestine. Wazee walizoea kusema kwamba huyu alianza kukimbia kabla ya kutembea, hata kama miguu ilikuwa ya mama yake.

Alisoma shule ya msingi hapa Bwegera kuanzia 2001. Shule ya sekondari aliisomea Sange, akikaa kwa baba yake mkubwa Onesphore, na mwaka 2014 alipata diploma ya Serikali. Hesabu alizipenda kidogo, Kifaransa alikipenda zaidi. Mchana, baada ya masomo, aliwauzia karanga abiria wa minibasi zinazosimama Sange. Kuna jambo moja ambalo watu wa Sange hawajalisahau. Siku moja mwaka 2012, mama mzee mmoja alishuka kwenye minibasi kununua mihogo, na dereva akaondoka akimwacha barabarani, kuku zake wawili wakiendelea na safari. Mama alilia kama mwenye msiba. Dorine alimpa sinia yake ya karanga amshikie, akaifuata gari. Aliipata kwenye kizuizi cha nje ya mji, akarudi kwa miguu na kuku mmoja kila kwapa, na mama alikuwa amekwisha kula nusu ya karanga kwa huzuni. Baba mkubwa alimuuliza kwa nini hakutafuta pikipiki. Dorine alijibu kwamba wakati wa kutafuta pikipiki kuku wangefika Bukavu.

Ndani ya minibasi hiyo alikuwamo mwalimu wa michezo anayeitwa Toussaint, wa Uvira. Aliona msichana anakuja kwenye dirisha bila kuhema. Alishuka palepale, akapoteza safari yake, akamfuata mpaka nyumbani, kisha mpaka Bwegera kumwomba kwa wazazi. Kumwomba akimbie, si kumwoa. Hilo ilibidi lielezwe mara kadhaa, maana Modeste alikuwa ameanza kutaja ng'ombe.

Kazi yake basi ilikuwa kukimbia. Mtu akiulizwa mtoto wako anafanya kazi gani, na ukijibu kukimbia, wengine wanauliza anamkimbia nani. Alianza na mbio za Uvira, kisha Bujumbura, kisha Kigali. Mwaka 2019 alitia sahihi mkataba na meneja wa Ulaya, na mwisho wa mwaka huo alikuwa wa tatu katika mbio za kilomita ishirini na moja kwenye mji mmoja wa Ureno. Aliporudi aliwaletea wote wa nyumbani soksi. Baba mkubwa anazo bado, lakini si za kuvaa.

Katikati ya hayo aliolewa. Ndoa yake na Aimé, mbadilishaji feza wa kwenye mpaka wa Kavimvira, ilifungwa tarehe 19 Agosti 2017. Walikaa Kavimvira, katika parsele yenye nyumba nne na lango moja, mlango wao ukiwa wa bluu. Jirani yao wa karibu, Mama Pudentienne, alikaanga mandazi mbele ya lango hilo na kuona kila anayepita kutoka Burundi. Mungu aliwapa Aimé na Dorine mtoto mmoja wa kike, Keza, mwaka 2018. Aimé hakumzuia mke wake kukimbia asubuhi, ingawa kulikuwa na wanaume waliomcheka kwamba mke wake humtoroka kila siku. Aliwajibu kwamba wa kwake anatoroka na kurudi. Wa kwao wanakaa tu wakinuna.

Sasa inafika sehemu ambayo baba mkubwa ameieleza kwa watu wengi wakati wa kilio hiki bila yeye mwenyewe kuielewa vizuri. Familia imekubali isemwe hapa mbele ya wote, kwa sababu kuna wanaosema marehemu alikula dawa ili akimbie. Hakula. Jambo lilikuwa hivi.

Mwezi wa kwanza wa 2021, Dorine aliwekwa katika kundi la wakimbiaji ambao wapimaji wa dawa wanaweza kuwatembelea siku yoyote bila kutuma habari. Kwa kila siku ya mwaka alipaswa kuandika kwenye simu atalala wapi, na ni saa gani moja ambayo hatatoka hapo. Alichagua saa kumi na moja ya asubuhi mpaka saa kumi na mbili, pale Kavimvira, kabla ya mazoezi. Akikosekana mara tatu ndani ya mwaka mmoja, anahukumiwa karibu sawa na aliyekutwa na dawa mwilini. Mwalimu Toussaint alikuja kuyaeleza hayo kwa wazazi, na baba mkubwa akauliza kama siku ya Mungu, Jumapili, nayo imo.

"Hata siku ya Mungu, papa," alisema Toussaint. "Hata Noeli."

Modeste alisema kwamba hata askari anapewa likizo. Dorine alicheka, akasema yeye hana cha kuficha, waje tu, atawapa na chai.

Mara ya kwanza walikuja mwezi wa tano, mwaka uleule. Kila mtu wa Uvira anajua maji ya ziwa yalivyopanda wakati ule. Yaliingia Kavimvira usiku, yakafika kwenye magodoro, na familia ikahamia kwa ndugu wa Aimé, upande wa milimani. Umeme haukuwapo, simu zilikuwa zimezimika. Wapimaji walifika kwenye mlango wa bluu, wakakuta maji magotini na bata wa jirani wanaogelea uani. Waliandika kwamba hayuko. Hapo hakuna wa kulaumu, labda ziwa.

Mara ya pili ilikuwa mwezi wa nane, na hapo Dorine alikuwa ndani. Alikuwa amekwisha kuvaa, amekaa kitandani anangoja saa yake ipite, kama kila siku. Nje, alfajiri, mwanamume na mwanamke wasiojulikana, si wale wa mwezi wa tano, walisimama mbele ya Mama Pudentienne. Walivaa kadi shingoni, wakabeba sanduku la baridi, wakauliza kwa jina kamili nyumba ya Mapendo Dorine. Watu wa Kavimvira hawahitaji kufundishwa. Hapo ni mpakani. Mgeni mwenye kadi na sanduku akikutajia jina kamili la jirani yako kabla jua halijatoka, ni mtu wa duane anayetoza ushuru wa mpakani, au wa kodi, au wa mahakama, na jina hilo hujapata kulisikia tangu uzaliwe. Ndivyo majirani walivyochungana miaka yote. Mama Pudentienne aliwaambia kwamba Mapendo fulani aliwahi kukaa huko mbele, lakini alihamia Bujumbura zamani. Waliuliza wengine watatu wa barabara ileile. Wote wakasema Bujumbura, mmoja hata akataja mtaa.

Saa ilipokwisha, Mama Pudentienne aliingia uani anacheka, akapiga kwenye mlango wa bluu.

"Binti, nimekuokoa," alisema. "Watu wa duane walikuwa wanakutafuta. Iko muzigo gani mulificha na bwana yako?"

Dorine aliuliza walikuwa wamebeba nini. Alipoambiwa sanduku la baridi, alikaa chini palepale mlangoni na viatu vyake vya mbio miguuni. Mama Pudentienne alieleza baadaye kwamba hajaona mtu aliyeokolewa akalia hivyo.

Jambo lilipoelezwa vizuri, parsele nzima ilihuzunika, na barabara nzima ikaapa kwamba halitarudi. Wakakubaliana: wale watu wakija tena, kila mmoja aseme yuko.

Na kweli walikuja tena, tarehe 14 Novemba 2021, siku ya Mungu. Siku tatu kabla yake Modeste, baba wa marehemu, alikuwa amefariki hapa Bwegera. Dorine alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake. Shangazi zake walikuwa wamechukua simu yake na za watoto wote wa marehemu, ili wamlilie baba yao bila kusumbuliwa. Ndivyo inavyofanywa kwetu, na hakuna aliyefikiri kwamba mtu anayemlilia baba yake anaweza kuhesabiwa amepotea. Kavimvira, wapimaji walifika kwenye mandazi. Mama Pudentienne alisimama kabla hawajasalimia.

"Yuko! Dorine yuko!" alisema. "Kaeni, yuko karibu, anakuja sasa hivi."

Na barabara nzima ikaitika kwamba yuko. Walileta viti. Walileta chai na mandazi, wakakataa malipo. Mmoja alisema ametoka kumwona kisimani, mwingine akasema yumo ndani anavaa. Ile saa ikapita hivyo, katika ukarimu mkubwa. Wapimaji wakasimama, wakashukuru kwa chai, wakaandika kwamba hayuko na kwamba majirani walidanganya.

Mwanzoni mwa 2022 aliitwa kujieleza, kwa njia ya simu yenye picha. Waliketi nyumbani kwa Toussaint, Dorine katikati, mume wake na baba yake mkubwa pembeni, jenereta ikinguruma nje. Watu wa upande wa pili walikuwa watatu, wenye adabu, na nyuma yao kulikuwa na dirisha lenye miti. Waliongea Kiingereza, mtu mwingine akageuza kwa Kifaransa, na Toussaint akamgeuzia baba mkubwa kwa Kiswahili, kwa hiyo kila neno lilifika limechoka. Walimuuliza Dorine kwa nini hakuwaambia alikokuwa.

"Nilikuwa kwetu," alijibu. "Baba alikufa. Nilikuwa kwetu."

Walimpa pole, na pole yao ilionekana ya kweli. Kisha wakasema kwamba sheria inataka mkimbiaji abadilishe pahali kwenye simu hata kwa mstari mmoja. Alianza kueleza habari ya mkeka na shangazi, mtandao ukakatika, na uliporudi walikuwa wameshapita kwenye swali jingine. Alipewa kifungo cha mwaka mmoja na nusu bila kukimbia mashindano, kuanzia siku ile ya Novemba. Kingekwisha tarehe 14 Mei 2023. Aliambiwa ana haki ya kukata rufaa kwenye mahakama ya michezo huko ng'ambo, pamoja na wakili, kwa gharama yake. Toussaint alisema kwamba siku hizi wapo watu wanaotaka haki za wanamichezo ziandikwe wazi: asikilizwe kwa lugha anayoielewa, apewe wa kumtetea, nyumba yake na kilio chake viheshimiwe. Baba mkubwa aliuliza hao watu wanakaa wapi. Toussaint alisema nao wanakaa mbali.

Baba mkubwa alijaribu kuelewa. Mfanyakazi ana sheria yake, hata mfungwa ana yake. Dorine aliamrishwa kama mfanyakazi, tena zaidi, lakini mkataba wake ulisema yeye si mfanyakazi wa mtu. Basi alikuwa wa nani? Meneja wa Ulaya aliacha kuandika. Na watu wa kwetu, ambao hawana muda wa maelezo marefu, walisikia neno moja tu, dawa. Kulikuwa na waliompigia kelele barabarani wakimwomba na wao kidonge. Kulikuwa na mama mmoja wa kanisani aliyemuuliza kwa upole kama mtoto Keza alizaliwa mzima. Tangu siku hiyo Dorine alibadilika. Hakunywa tena kinywaji alichofunguliwa na mtu mwingine. Kwenye arusi alikuja na chupa yake ya maji. Kichwa kikimuuma alifunga kitambaa. Aliendelea kuandika kila jioni kwenye simu kesho yake yuko wapi, kwa maana hata aliyefungiwa wanaendelea kumchunga. Akaendelea kukimbia kila asubuhi kwenye barabara ya Sange, peke yake. Jambo moja tu alilitaka: siku ya kifungo kuisha imkute safi, akimbie, na jina la baba yake litoke midomoni mwa watu.

Ugonjwa ulimshika usiku wa tarehe 21 Aprili 2023, kuhara na kutapika. Kipindupindu hapa kwetu si mgeni, na Aimé alimpeleka kwenye kituo cha matibabu kabla ya mapambazuko. Siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe 22, alikunywa maji ya chumvi na sukari aliyopewa, vikombe na vikombe, lakini hayakukaa. Muuguzi akaleta serumu ya kumtia kwenye mshipa. Dorine akaficha mkono.

Alikuwa amefundishwa, mwaka ule alipowekwa kwenye kundi, kwamba maji ya mshipani yamekatazwa kwa mkimbiaji bila ruhusa. Muuguzi alimwambia kwamba hapa ni hospitali, si uwanja. Alisema anajua, wamngoje kidogo, ameshauliza. Na kweli alikuwa ameandika ujumbe asubuhi ileile kwenye namba aliyopewa ya kuuliza mambo ya dawa: yuko hospitali, ana kipindupindu, serumu inaruhusiwa au haikubaliwi? Simu aliiweka kifuani. Aimé alimsihi, akapiga magoti. Mama Ernestine alilia. Kisha baba mkubwa akaitwa, maana walidhani mzee atasikilizwa.

"Mapendo, toa mukono," alimwambia. "Maji ni maji."

"Baba mukubwa, imebaki wiki tatu tu," alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha kuwa ndogo. "Wakinipata na kitu, watu watasema ilikuwa kweli. Miye sitaki mutoto wangu asikie ilikuwa kweli. Watajibu tu."

Kila simu ilipolia kwenye kitanda cha jirani aligeuza macho. Jioni fahamu zilimtoka, na wauguzi wakamtia serumu kwenye mikono yote miwili, wakafanya kila walichoweza, familia inawashukuru. Mwili ulikuwa umekauka mno. Alifariki siku ya Mungu, tarehe 23 Aprili 2023, alfajiri, katika ile saa yake ya kungojea wapimaji. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Ameacha mume, Aimé, mtoto, Keza, mama yake, Ernestine, kaka zake wawili na dada mmoja, baba yake mkubwa, Onesphore, mwalimu wake, Toussaint, na majirani wa Kavimvira, wakiongozwa na Mama Pudentienne, ambaye alishuka garini Sange na kuja Bwegera kwa miguu kwa sababu alisema hawezi kumaliza safari kwa gari kumsindikiza mtu kama huyu. Leo, tarehe 25 Aprili, analazwa kando ya baba yake, kwenye ardhi inayojulikana. Mungu amkaribishe pahali pa kukaa ambapo hatadaiwa tena kumwambia mtu yuko wapi.

Limebaki neno moja. Jana, siku ya kwanza ya kazi, saa ofisi za huko zinapofunguliwa, simu ya marehemu ililia mkononi mwa Aimé. Lilikuwa jibu. Walisema serumu ya hospitali inaruhusiwa bila shida, wakamtakia apone upesi, na wakaomba radhi kwa kuchelewa, kwa sababu mwisho wa juma hawakuwa kazini. Toussaint alipiga namba ile, akawaeleza. Mtu wa huko, sauti ya kijana, alisikitika sana, akauliza kama familia ina lolote la kusema. Baba mkubwa Onesphore aliomba simu, akauliza kwa Kiswahili, na Toussaint akageuza polepole ili pasipotee neno. Kijana alitoa pole mara ya pili, akasema atawauliza wakubwa wake. Hadi karatasi hii inapelekwa kuchapwa hakuna aliyepiga, na baba mkubwa amewauliza hata mwalimu, daktari na padri. Aliuliza hivi tu: mtoto wetu alitakiwa aseme kila siku yuko wapi, hata siku ya Mungu, hata kwenye kilio cha baba yake, sasa siku ile alipowatafuta, ninyi mulikuwa wapi?